Kibao cha Mama

Nyumbani, chumba cha mbele
Jumapili, tarehe 9

Mpendwa kitinda mimba wetu,

Hujambo huko? Shemeji hajambo? Na mapacha, bado wanagombania kukaa dirishani? Sisi wazima. Baba anakula akilazimishwa. Mimi ninakula, ninalala, ninaenda ofisini. Silii, na usiniulize kwa nini.

Mazishi ya Mama yalikupita kwa sababu ya kibali cha kusafiri, basi, usijilaumu.

Kiwandani wameweka kibao cha shaba kwenye karakana ambako Mama aliendesha winchi miaka thelathini na moja. Wenye kiwanda walitaka maneno yawe kwa lugha yao, hiyo unayoiongea kila siku. Kazi ikaletwa ofisini kwetu siku ya nne baada ya kumzika. Mwenzangu wa meza ya pili alisema, "Dada, nipe mimi." Nikakataa. Mama yangu, nimwachie mtu?

Unajua lugha hiyo ilivyo: hata neno fundi lazima liwe la kiume au la kike. Na sisi wafasiri tuna desturi yetu, mtu wa kazi huandikwa kiume mpaka mteja aseme vingine. Nimeifuata miaka tisa. Mkono ukaifuata tena. Fundi, mwaminifu, mpendwa, yote ya kiume. Nikapiga muhuri, nikanywa chai.

Siku ya kukizindua, Baba alikipapasa akasema, "Nisomee, mwanangu." Nikamsomea kwa Kiswahili: alikuwa fundi hodari, alipendwa na wote. Ndipo nilipoona nilichofanya. Kwa Kiswahili hapakuwa na kosa lolote. Watu wakapiga makofi, nami nikapiga nao.

Ninaona aibu, mdogo wangu. Lakini hata aibu yenyewe naisikia kwa mbali, kama jino lililopigwa sindano ya ganzi.

Jana nilimweleza Baba, maana fomu ya kubadilisha kibao inataka sahihi yake. Hakufoka. Alishusha bahasha ya Mama ya karatasi za kiwandani kutoka juu ya kabati: cheti cha mafunzo, kitambulisho, barua ya kupandishwa cheo, cheti cha kustaafu. "Na humu je, wamemwandikaje?"

Nikasoma zote. Zote za kiume. Mama hakuweza kuisoma lugha ile, na miaka yote hiyo hakujua.

Baba ametia sahihi. Kibao kinashushwa Jumatano.

Shangazi anakusalimu sana, na fundi cherehani wa jirani pia. Wabusu mapacha. Mungu awafunike huko mliko.

Karatasi zile nyingine ziliandikwa na watu wasiomjua. Ya mwisho, ya shaba, niliiandika mimi.

Ni mimi dada yako, nikupendaye