Fimbo ya Tatu

Jumatano, 14 Agosti 1996

Fimbo ya kwanza ya kuvulia ilikuwa nene, ya pili ilivunjika. Hii ya tatu nimeichonga ncha kwa wembe mpaka ikawa nyembamba kama njiti ya kiberiti. Leo hata kisamaki kilipogusa chambo nilikisikia kiganjani.

Kwa kuwa naona aibu kuchekwa, naijaribia ndani ya uzio wa miiba mtoni, pale mama na majirani wanapochota maji. Uzio unazuia mamba.

Jioni samaki waliacha kugusa, wote kwa pamoja. Kisha mshipi ukavutwa polepole, kama umenasa kwenye gogo linalotembea. Ncha haikutetemeka. Iliinama tu, halafu mshipi ukalegea.

Nilimwambia mjomba, akacheka.

“Profesa, umenasa matope. Uzio tumeuziba wenyewe juzi, hapiti hata chura.”

Juzi. Kabla ya hapo ulikuwa wazi wiki nzima. Je, kama walimfungia mamba ndani?

Mama huenda kuchota alfajiri. Ndoo yake nimeificha chini ya kitanda changu. Akiiulizia, itabidi niseme.

Lakini za majirani siwezi kuzificha.