Siku Baba Yako Alipoinuka

Mjukuu wangu Somoe,

Salamu kutoka Mpapura. Sote wazima, na mikorosho imeanza kuchanua. Unauliza kama baba yako naye alichelewa kutembea kama mwanao.

Alichelewa hadi majirani wakanong'ona. Masika yale tulikuwa tumehamia kijiji cha ujamaa, na shangazi yako ndiyo kwanza ameanza shule. Siku moja alirudi, akaandika jina lake mchangani kwa kijiti. Baba yako akalitazama, akainuka, akaliendea kwa miguu yake.

"Mama, anatembea!"

Nilishika mdomo. Alipolifikia aliketi juu yake, akalifuta lote. Shangazi yako hakukasirika. Alisogea mbele kidogo, akaandika tena, na baba yako akainuka tena.

Mpaka leo mwili hunisisimka. Nibusie kitukuu changu.

Bibi yako