Kunenepa kwa Tufaha

Jumatatu, 4 Machi 1974

Sindano ya tatu leo. Daktari Masolwa anamchoma mke wangu mle mle kwenye uvimbe mweusi wa unyayo. Na dawa yenyewe ni chanjo ya kifua kikuu! Eti inauamsha mwili upigane na kansa. Nilicheka, kisha nikaomba radhi. Tufaha hakulia. Mimi, mume mtu mzima, ndiye niliyetazama ukutani.

Jumamosi, 9 Machi

Uvimbe umepungua! Nimeupima kwa uzi – karibu nusu. Na uso wa Tufaha umejaa. Toka Ramadhani alikuwa mifupa mitupu, bangili zinamdondokea kwenye ndoo. Leo zimekaa. Mama mkwe wangu, Bi Mwanamkuu, kapiga vigelegele barazani mpaka Gongoni nzima ikajua. Alhamdulillahi.

Jumanne, 12 Machi

Bangili zinambana. Kwetu mke akinenepa mume ndiye anayezipanua, watu wakasema fulani anajua kutunza. Mie sonara, miaka ishirini napanua za wake za watu. Leo nimepanua za wangu. Raha tupu! Nikapita nazo hata dukani kwa Ghalibu azione.

Tufaha analalamika kiu. Akisimama, macho yanafanya giza. Nikamwambia mtu anayerudisha mwili ndivyo alivyo. Mama yake akaunga mkono, akamwongeza uji.

Alhamisi, 14 Machi

Hazitoshi tena. Siku mbili tu! Nilipomshika mkono kidole changu kikaacha shimo, na shimo halikujaa. Sikumwambia mtu. Tutaangalia kesho.

Ijumaa, 15 Machi

Kaanguka uani alfajiri. Ghalibu kaleta pikapu yake, tukamkimbiza hospitali.

Nesi Apolinaria akaja na mkasi mkubwa akate bangili, mkono umeshakuwa wa bluu. Nikamnyang'anya mkasi, nikakata mwenyewe. Masolwa hakunigombeza – afadhali angenigombeza. Kaniuliza tu, Ndugu Humaidi, amekuwa hivi siku ngapi? Sita, nikasema. Mbona hamkuja? Tulidhani amenenepa.

Nesi akainamisha kichwa. Lo, aibu!

Masolwa anasema mwili ulioamshwa na ile dawa umekasirika kupita kiasi. Mishipa ya damu inavuja maji yake, kama mtungi mpya. Nyama zinajaa maji, mishipa yenyewe inabaki mikavu, presha inaanguka. Ndiyo maana ya ile kiu. Mke wangu alikuwa anakauka huku namsifia mashavu! Mjinga mimi. Mjinga, na majivuno juu.

Jumapili, 17 Machi

Anapumua kwa shida. Bi Mwanamkuu anasema katupiwa jicho, kwa sababu nilitembeza bangili madukani. Pengine nastahili kusemwa.

Alhamisi, 21 Machi

Maji yanapungua. Amekojoa sana, nesi kafurahi kama kapewa zawadi. Hanisemeshi, Tufaha. Anasema na nesi.

Jumatatu, 25 Machi

Amerudi mifupa mitupu. Pale unyayoni nusu ya uvimbe iliyobaki ipo pale pale.

Masolwa katuambia wote wawili, hakuficha. Tukiacha sindano, kansa itapanda mguu. Tukichoma, mishipa inaweza kuvuja tena, na safari hii moyo usistahimili. Atapunguza dawa. Nikamtaka aniahidi. Kasema hana ahadi, ana dawa tu.

Fomu inataka saini ya mume. Nikasema mbele ya Tufaha, choma, daktari, mimi najua ana nguvu.

Hapo ndipo aliponisemesha, mara ya kwanza tangu aanguke. "Humaidi, mwili wangu ulishausoma mara moja. Safari hii niulize mwenyewe."

Nikamuuliza. Haya, unatakaje?

Kafumba macho. Sijui kama analala, kama anafikiri, kama ananikomoa. Masolwa keshakwenda kutayarisha sindano. Nesi Apolinaria yuko mlangoni, anaingoja fomu. Kalamu aliyonipa nitie saini ndiyo hii naandikia, fomu bado haina saini.