Wambui Wawili, Kiti Kimoja

Ruiru, Jumamosi jioni, Juni 1959

Wanasema leo kulikuwa na baridi. Mimi sikuisikia. Miguu yangu ina vumbi jekundu hadi magotini na bado nacheka peke yangu.

Baba mdogo Mwangi ni karani katika ofisi ya ndege, Nairobi. Mkubwa wao anataka kuchagua njia ya kuwawekea abiria nafasi: ubao mkubwa ukutani, wenye kipande cha rangi kwa kila kiti kilichochukuliwa, au kadi, kila abiria na yake. Jumatatu kila karani atatoa maoni. Baba mdogo hakuwa nayo, kwa hiyo akazijaribu kadi kwenye basi la kanisa, lililotupeleka Thika leo kwa mashindano ya kwaya.

Jana alizipanga kama ofisini. Jina likitokea mara mbili, huyo ni mtu mmoja aliyepiga simu mara mbili, na kadi moja hutupwa. Akakuta Wambui Kamau mara mbili. Akatupa moja, akampa mke wa mchungaji kile kiti.

Lakini Cucu, nyanya yangu, ni Wambui Kamau, na mimi ni Wambui Kamau. Baba alipewa jina la baba yake Cucu, Kamau, nami nikapewa la Cucu mwenyewe.

Na Baba mdogo ni mtoto wake wa kumzaa!

Asubuhi Cucu alifika na kikapu chake.

"Mama, kuna kiti cha Wambui mmoja tu," Baba mdogo alisema, macho chini.

"Basi ni changu. Huyu nimemwazima jina tu."

Basi zima likacheka. "Karani wa ndege!" mwimbaji mmoja akaita kutoka nyuma. "Ukimsahau mama yako Ruiru, Mzungu utamwacha wapi?"

Basi likaondoka. Mimi ndiye mwanzishaji wa wimbo, na nilikuwa nimesimama barabarani.

Baba mdogo akakimbilia baiskeli yake, akanipakia.

Nikiwa nyuma yake sikuuona uso wake, na haya zikanitoka. Nikamwambia ubao unajua kama kuna nafasi, lakini haujui ni ya nani. Kadi inajua jina, lakini huku kwetu jina si mtu. Wachague kadi, waandike na mwaka wa kuzaliwa, na wasitupe yoyote kabla ya kumwuliza mwenyewe.

"Rudia hilo la mwisho," akasema, akihema kwenye mlima.

Nilirudia hadi Thika. Tulifika kwaya ikijipanga. Nilianzisha wimbo na nywele zimejaa vumbi, Cucu akapiga vigelegele kabla hata hatujamaliza ubeti. Hatukushinda. Hakuna aliyejali.

Baba mdogo anasema Jumatatu atayasema maneno yangu jinsi nilivyoyasema. Ofisi nzima itasikia wazo la msichana ambaye darasani hajawahi kuinua mkono.

Na mimi je, mwalimu akiuliza swali Jumatatu?

Nitauinua.