Marando Uliyonitumia

Mdogo wangu Kitindamimba,

Salamu zangu zikufikie wewe, wifi na watoto. Mgongo wa wifi unaendeleaje? Na baba, bado anakohoa asubuhi? Mimi mwili wangu hauna neno. Moyo ndio una maneno, na leo nimeamua kuyatoa. Ila nakuomba jambo moja kabla hujaendelea. Najua barua zangu humsomea baba kwa sauti, maana macho yake yamegoma. Hii usimsomee kwanza. Funga mlango, uisome peke yako mpaka mwisho.

Wewe hupenda kunitania kwamba nilisoma miaka yote ile ili nije kuosha vichupa. Mama Vichupa, hata watoto umewafundisha. Haya, leo nikueleze Mama Vichupa anafanya nini, maana ukiielewa kazi yangu utaelewa nilivyokugundua.

Jani lolote limejengwa kwa vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho, na kila chumba kina ukuta wake. Sisi tunalikata jani nyembamba kwa wembe, tunaliloweka kwenye maji yenye vimeng'enya, yaani unga unaotokana na ukungu ule unaoozesha magogo. Vimeng'enya vinaula ukuta na kuiacha seli uchi, duara kama tone la mafuta juu ya mchuzi. Ikiwa uchi hivyo haitaki mchezo: ukiiosha kwa maji matupu badala ya yale yetu ya sukari na chumvi, inapasuka. Ukiitunza, inajijengea ukuta mwingine, inagawanyika, na siku moja inakuwa mche mzima ndani ya chupa. Ndivyo nilivyotaka kuiokoa mbegu ya mama.

Kiazi cha mama hakina mbegu ya kununua dukani, unajua. Huoteshwa kwa marando, yale mashina yake yanayotambaa, na marando yale yalibaki nyuma ya jiko letu tu, baada ya ugonjwa wa kukunjamana majani kuwamalizia majirani wote viazi vyao. Kwa mama ugonjwa ulisalimu amri. Mkubwa wetu wa maabara alitaka kujua kwa nini. Mimi nilitaka tu yasipotee, kwa sababu mama hakutuachia kingine.

Na majani yake, Kitinda, yalikuwa na ukaidi wa mwenyewe. Mengine tukiyaloweka jioni, asubuhi yamelainika. Ya mama asubuhi yanakutazama tu, mpaka mchana ndipo yanakubali. Wenzangu walicheka wakasema jani hilo ni mama mkwe.

Yale niliyobeba mwenyewe siku za msiba wa mama yaliingiwa na ukungu, yakabaki madonge machache dhaifu ya seli kwenye kisahani kimoja. Ndipo nikakuomba mengine, nawe ukatuma kapu zima. Meza yetu ina sheria: majani mapya yakiingia, kisahani cha zamani kinamwagwa, visije vikachanganyika. Kabla sijamwaga nilikupigia simu. Nikakuuliza kama haya kweli ni ya nyuma ya jiko. Ulicheka, ukasema kwani kuna mengine, ukaapa kwa kaburi la mama. Basi nikamwaga kwenye sinki, nikafungulia maji.

Majani yako niliyaloweka jioni. Asubuhi yalikuwa laini kama uji. Mkubwa akanifokea kwamba nimepima unga vibaya. Nikapima upya mbele yake, matokeo yakawa yale yale. Nikachuma majani kwenye bustani ya mlinzi wetu, anayepanda viazi hivi vya sokoni, nikayaloweka pamoja na yako. Yakalainika sawia. Hata hapo nilikutetea. Nilijiambia labda ni mvua, labda ni udongo. Mtu hutafuta kila sababu asije akamwita nduguye mwongo.

Juma lililopita mjomba, fundi cherehani, alinipigia. Alikuwa na furaha zake, wala hakujua kwamba anafichua kitu. Akasema vyumba vya kupangisha ulivyojenga nyuma ya jiko vimependeza, na wapangaji waliingia kabla ya mvua. Kapu lako lilinifikia mvua zimekwisha. Akasema baba alikubali ujenge kwa sharti moja tu, marando yote yang'olewe yaletwe kwangu, nawe ukamwambia umeshayaleta. Akanipa na salamu za baba: ananishukuru kwa kumtunzia mke wake, na anauliza lini nitamletea hata rando moja alipande kwa mkono wake.

Nadhani ulisahau tu. Mafundi walikuja, wakachimba msingi, na nilipokuomba majani ukaona haya kusema, ukaenda sokoni kutafuta kapu. Vyumba ningekusamehe. Kusahau pia ningekusamehe. Lakini siku ile kwenye simu, kisahani kilikuwa mkononi mwangu. Ungesema ukweli, madonge yale yangekuwepo mpaka leo. Mkono uliomwaga ni wangu, sijitoi, na kila nikifungulia bomba lile nakuchukia. Nimejaribu kuacha nimeshindwa.

Miche yako imeota vizuri mno, imejaza chupa, mkubwa ananisifu. Ningeweza kumletea baba mmoja, na sikufichi, nimekaa na wazo hilo. Lakini baba ameyashika majani ya mama tangu ujana wake. Vidole vyake havijagoma.

Wasalimie wote mmoja mmoja, na umwambie wifi dawa ya kuchua mgongo nitaituma. Ukimaliza kusoma, fungua mlango, umwite baba, umsomee barua hii yote tangu mwanzo. Akiuliza rando lake liko wapi, umjibu wewe.

Ni mimi dada yako,
Mama Vichupa