Niliiandikisha Mashine Kama Punda, Sasa Imemvunja Mama Mkwe Mkono

Mshauri wangu mpendwa,

Nakuomba unisaidie kabla ya Alhamisi, na tafadhali usilitaje jina langu wala dirisha ninalokaa, maana mjini kwetu dirisha la leseni za vyombo vidogo ni moja tu na karani wake ni mmoja tu, na huyo karani ndiye mimi. Nina miaka thelathini na tisa, nina mke na watoto wawili, na mama mkwe wangu anaishi nasi, mwanamke mwema ambaye tangu nimemuoa binti yake hajawahi kuniita kwa jina, huniita "mwanangu".

Mambo yalianza mwaka juzi. Mfamasia mmoja wa hapa mjini alikuja dirishani na mashine, si picha ya mashine, mashine yenyewe, sanduku jeupe linalofika gotini, lina magurudumu sita na kibendera chekundu, akaniambia linapeleka dawa kwa wagonjwa wasioweza kutoka nyumbani, linajiendesha lenyewe pembeni ya barabara, na yeye anataka kibali halali kwa sababu hapendi ugomvi na mtu. Mshauri, watu wote wanaokuja dirishani kwangu wanatafuta njia ya kukwepa kibali, huyu alikuwa anakitafuta, nikamwonea huruma. Nikatoa fomu. Fomu yetu ina visanduku vitatu tu vya kuweka tiki: chombo cha injini, ambacho sheria inasema lazima kiwe na dereva aliyeketi, na mashine hii haina hata pa kuegemeza kiwiko, mkokoteni, ambao lazima usukumwe na mtu mzima mwenye akili timamu, na mnyama wa mizigo, ambaye sheria inamweleza kuwa ni "chochote kiendacho kwa nguvu zake chenyewe, chini ya uangalizi wa mmiliki." Nikaisoma mara tatu. Nikaenda kumuuliza bosi. Bosi wangu, ambaye ofisini tunamwita Subiri Kwanza, akasema subiri kwanza. Mfamasia akasubiri wiki saba, kila Jumatatu yuko dirishani na bahasha yake, hana kelele, hana tusi, mpaka nikawa naona haya kufungua pazia, na Jumatatu ya nane nikaweka tiki kwenye mnyama wa mizigo. Aina, nikaandika punda. Rangi, nyeupe.

Naapa nilidhani itakwama mbele ya safari. Haikukwama. Ofisi ya mifugo waligonga muhuri bila kuinua kichwa, "kwato safi, meno kamili, anakula vizuri." Watu wa usafi walitaka mmiliki aahidi kuzoa mavi, akaahidi. Leseni inahuishwa kila mwaka na mwaka huu wamemwongezea umri.

Sasa mwaka jana Subiri Kwanza alirudi kutoka semina ya siku tano na neno jipya mdomoni, uwanja wa majaribio. Sitamsingizia, jambo lenyewe lilikuwa zuri. Alisema teknolojia mpya usiikimbize na fimbo wala usiiachie mji mzima, uitengee mitaa miwili mitatu, uipe muda maalumu, uweke mwangalizi wa kuitazama, namba ya simu ya wenye malalamiko, na mfuko wa kumfidia atakayeumia, halafu yale utakayoyaona ndiyo uyatungie sheria. Tulipiga makofi kwa moyo kabisa. Tukagawiwa fulana. Utepe ukakatwa kwenye mitaa miwili nyuma ya maktaba. Mwangalizi aliteuliwa ila kiti chake hakijanunuliwa, kwa hiyo hajaanza kazi. Simu ipo, laini bado. Mfuko uko kwenye kikao. Mfamasia, ambaye ni mtu wa kufuata utaratibu, akaja siku ya kwanza kabisa kuomba mashine yake iingizwe uwanjani. Fomu ya uwanja inauliza, "Je, kifaa hiki kina leseni chini ya sheria nyingine?" Akajibu ukweli, ndiyo, leseni ya punda. Ombi likarudishwa na maandishi mekundu, "Punda si teknolojia mpya." Basi mashine ikaendelea kuzunguka mji mzima kama punda huru, na uwanja ukabaki mtupu, na kila robo mwaka tunapeleka ripoti kwamba katika uwanja wetu haijatokea ajali hata moja. Umeongezewa muda mara mbili kwa mafanikio hayo.

Wiki tatu zilizopita Mama, yaani huyo mama mkwe wangu, alikuwa anatoka duka la vifungo. Ni fundi cherehani, kazi ya miaka thelathini na moja, nusu ya mji huu imeolewa ndani ya nguo zake. Ile mashine ikakata kona, ikamgonga miguuni, akaangukia mkono wa kulia. Ilisimama ikamwambia, "Samahani, naomba kupita." Mkono umevunjika mara mbili pale kwenye kifundo, na daktari anasema plasta itatoka lakini hawezi kuahidi kwamba vidole vitashika mkasi tena.

Mshauri, hapa ndipo ninapoona aibu. Mama aliniita akasema, "Mwanangu, sisi bahati yetu tuna mtu ofisini, niandikie malalamiko." Akasema, nikaandika, maana mkono wake haushiki kalamu. Nikaichukua ile barua mpaka ofisini nikaiweka kwenye droo yangu. Baada ya siku nne akauliza wamejibu nini, nikasema bado, akasema nyingine nikaandika, kali zaidi, nayo nikaiweka droo. Zimefika tatu. Mke wangu akachoka kusubiri, akaenda mwenyewe kueleza kwa mdomo dirisha la malalamiko, na ndani ya siku mbili jibu likaja, wakatafuta leseni ya mashine wakaona punda, wakamuuliza Mama kwa maandishi maswali ya sheria ya mifugo: je, mlalamikaji alipita nyuma ya mnyama? Je, alimsemesha kabla ya kupita? Je, mnyama alijulikana kuwa na tabia ya kupiga mateke? Wakaongeza kwamba asipothibitisha tabia ya mateke, hana fidia. Mama akanishikisha ile karatasi akaniambia, "Mwanangu, wewe umesoma. Punda gani hapa? Mimi nimegongwa na kabati!" Na mimi, Mungu anisamehe, nikamjibu, "Mama, ni lugha ya kisheria hiyo."

Mkutano wa kusikiliza shauri ni Alhamisi. Jana Subiri Kwanza alinifungia mlango, akanipa karatasi mbili. Ya kwanza inasema mashine imekuwa ndani ya uwanja wa majaribio tangu siku ulipozinduliwa, nirudishe tarehe nyuma nisaini. Ya pili inasema Mama alijiandikisha kuwa mshiriki wa hiari na akakubali hatari zote. Nikamwambia Mama hakusaini kitu. Akasema dole gumba linatosha, na kwa kuwa mkono uko kwenye plasta hakuna atakayemtaka aweke lingine walinganishe. Nikisaini, fomu yangu ya punda itapotea, na mimi nitakuwa mkuu wa kitengo cha uwanja wa majaribio. Nisiposaini, fomu itasomwa mbele ya watu na tiki iliyopo pale ni ya mkono wangu. "Hakuna atakayeumia," akasema, akanifungulia mlango.

Mke wangu hajui lolote kuhusu ile tiki, droo wala karatasi hizi. Watoto wako shule. Nisaini ili nyumba isimame, au nisisaini tuanguke wote? Nijibu upesi, nimechanganyikiwa.

Karani asiyetaka dirisha lake litajwe

MSHAURI ANAJIBU

Wewe karani,

Nimecheka mpaka nikavua miwani. Kisha nikafika penye mkono wa mama mkwe wako, nikairudisha, nikasoma barua yako upya bila kucheka.

Nianze na lile ninaloweza kukusamehe. Ile tiki ni ujinga, lakini ni ujinga wa mtu aliyeachwa peke yake dirishani na fomu ya zamani na mteja mwenye haki. Waliotunga sheria ile walimwona punda, wakaandika punda. Wasilaumiwe kwa kutoota magurudumu sita. Na uwanja wa majaribio ndiyo dawa hasa ya ugonjwa huo. Kitu kigeni kipewe mitaa michache na macho ya kukitazama, na mtu akiumia ajulikane wa kumlipa, hapo sheria itaandikwa kwa kujua na si kwa kubahatisha. Nyinyi mmekata utepe na kuvaa fulana. Mwaka mzima mwangalizi anasubiri kiti! Mwambie asimame, barabara haitazamwi kwa kukaa.

Lakini usijifiche nyuma ya Subiri Kwanza. Ulipoona ombi la mfamasia limerudishwa kwa ajili ya punda wako, ulijua. Kalamu unayo, karatasi unayo. Mistari miwili tu ingetosha: "Nilikosea, ile ni mashine, iingizeni uwanjani." Hukuiandika, kwa sababu mambo yalikuwa yanakwenda na hakuna aliyekuuliza. Mficha uchi hazai, baba. Wewe umeficha, na aliyevunjika ni mwingine.

Na zile barua tatu sikusamehei mimi. Si zangu kusamehe. Mama wa watu mkono umevunjika, amebaki na ulimi, akakukabidhi wewe maneno yake uyafikishe. Ukayafungia droo moja na stapla zako. Kisha ukarudi nyumbani akakuandalia pa kukaa akakuita mwanangu. Punda ni kichekesho, tutacheka tena siku nyingine. Hili ni wizi.

Sasa hizo karatasi mbili. Usisaini. Usiseme utafikiria, usiombe siku moja zaidi, usisaini hata kwa penseli. Ya kwanza ni uongo na ya pili ni kughushi, na inamfanya mama yako awe amejitolea kuvunjwa. Unajua pia inamfanya nini? Inamfungia mlango wa fidia, maana mshiriki wa hiari aliyekubali hatari zote atadai nini tena? Bosi wako anakuambia hakuna atakayeumia. Ameshaumia mtu, yuko nyumbani kwako, hawezi kufunga kifungo. Na cheo anachokupa ni cha siku moja. Kesho kutwa likifumuka, saini ni yako, yeye alikuwa semina. Kwake yeye ni punda afe mzigo ufike, na safari hii punda hana magurudumu.

Nisikilize vizuri, kwa sababu woga umekuziba masikio. Shauri la mama yako linakufa kwa ajili ya neno moja ulilolijaza wewe. Mradi kile kitu kinaitwa punda, wataendelea kumuuliza kama alikisemesha. Anayeweza kusimama akasema hakikuwa punda, mimi ndiye niliyeandika, na hii hapa nakala ya fomu, ni mtu mmoja tu katika mji wote. Ukweli wako ndio ushahidi wake. Hana mwingine.

Kwa hiyo fanya hivi. Leo ukitoka kazini mwambie mke wako kwanza, mkiwa wawili, mlango umefungwa. Atakasirika, na ana haki. Kisha nendeni wote wawili kwa Mama, umweleze kwa maneno ya nyumbani: niliandika punda, nikanyamaza, nikaficha barua zako. Usithubutu kumwambia ni lugha ya kisheria. Akipiga kelele, kaa. Akinyamaza, kaa vilevile, usiondoke kwa kisingizio cha simu. Usimwombe akuhurumie kwa sababu ya watoto; watoto ni wajukuu zake, anawajua.

Kesho asubuhi toa zile barua droo, zipeleke dirisha la malalamiko, kila moja igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe ya kesho, tarehe ya kweli. Toa nakala mbili za fomu yako, moja uiache nyumbani kwa mke wako kabla haijapata miguu. Zile karatasi za bosi nazo zitunze, usizirudishe. Kamwone mfamasia umwombe aje Alhamisi. Katika kisa chote hiki ni yeye pekee aliyekuwa anaitafuta sheria, na mkamchosha. Mwambie mashine ipumzike dukani mpaka uwanja uwe na mwangalizi mwenye miguu na simu yenye laini. Wagonjwa wapelekewe dawa na mtu kwa sasa, hawatakufa kwa kuona uso wa binadamu mlangoni.

Sitakudanganya, huenda ukapoteza dirisha lako. Huenda ukasimamishwa, huenda ukahamishiwa chumba cha mafaili. Mnaweza kubana matumizi, watu wamebana na wakaishi. Usichoweza ni kukaa meza moja na yule mama miaka yote iliyobaki, ukimtazama anavyojaribu kushika mkasi, huku unajua kwamba dole gumba lililoko kwenye faili si lake.

Kuna barua ya nne ya kuandika, na hii iandike ukiwa umekaa mbele yake. Aseme, uandike, neno kwa neno, hata yale yatakayokuchoma. Mkifika penye orodha ya wanaolalamikiwa, yeye atataja halmashauri, atataja bosi wako, huenda kwa upendo akakuruka. Wewe usijiruke. Jiandike wa kwanza, kisha umsomee kwa sauti yote mpaka mwisho.