Jani la Isale Mbele ya Chui

Moshi, 9 Agosti 1953

Baba yangu, shikamoo.

Natumaini kahawa imeiva na yule ng'ombe mwekundu amezaa salama. Mimi ni mzima, ila begani nina mshono kidogo.

Baba, filamu imekwisha, na mimi ndiye ninayebaki hai! Ilipangwa nife mapema, aokoke Mzungu mwenye bunduki. Lakini fedha zilikuwa chache, wakatumia chui wa porini aliyefungwa waya tu. Waya ukakatika. Mzungu akakwea mti! Nikabaki na chui kando ya uzio wa isale wa shamba la watu. Bila kufikiri nikachuma jani la isale, nikamnyooshea kwa mikono miwili, kama tunavyomwendea mtu tuliyemkosea. Akanikwaruza bega, akalinusa jani, akageuka akaenda zake. Mpiga picha hakuacha kuzungusha kamera.

Jana ilionyeshwa hapa mjini. Ukumbi mzima ulisimama, akina mama wakapiga vigelegele, wageni wakabaki kuuliza lile jani ni la nini.

Ulisema nisikanyage tena shamba lako la kihamba. Jani lenyewe nimeliweka humu ndani ya bahasha, limekauka kidogo.

Chui alilipokea, baba.

Mwanao,
Anaeli